Wanawake Saba wa Nyongesa

Jumatatu, 3 Februari 2025
Okwir, ninayekaa naye chumba kimoja hapa hosteli Wandegeya, kajisifu tena habari za wasichana wake mpaka masikio yakaniuma. Mtoto wa askari, kila kitu kwake ni vita na ushindi. Kaniuliza mbele ya wenzetu kama mimi nimeshawahi. Nikacheka kicheko cha mtu mzima. Ukweli? Nina miaka ishirini na mbili, na mkono wa msichana nimeushika msibani tu, kumpa pole. Lakini akili ninayo! Nimechota kondomu sita kwenye sanduku la bure pale getini, nimechana pakiti, nimezitupa juu kabisa ya pipa la mlangoni petu. Waone wenyewe.

Jumatano, 5 Februari
Wameona! Mama Nabalayo, anayefagia hosteli, kapiga kelele ghorofa nzima kwamba mtu wa chumba namba tisa hatafika mtihani akiwa hai. Okwir sasa ananiita mzee. Nimetembea kifua mbele siku nzima.

Jioni Akwero kanipita kwenye ngazi kama anayepita nguzo ya stima. Akwero! Msichana pekee ninayempenda Kampala hii, na hata bado sijamwambia.

Ijumaa, 7 Februari
Nimemuuliza Awiti, rafiki yake. Loo! Kumbe Akwero alikuwa akisema mimi ndiye kijana pekee hapa mwenye msimamo. Yeye ameamua kungoja mpaka amalize masomo, na alidhani nangoja vilevile. Si nangoja kweli! Nimengoja maisha yangu yote, tena bila hata kuamua!

Ningemwambia ukweli. Lakini Okwir angenicheka mpaka mahafali. Hapana. Nitaokoka. Jumapili natoa ushuhuda.

Jumapili, 9 Februari
Walokole walijaa ukumbi. Nikasimama, nikatubu wanawake saba. Nilikusudia mmoja, ila vigelegele vilinipandisha. Akwero kalia machozi! Baada ya sala kanifuata. Kasema kama toba ni ya kweli, twende tukapime pamoja, na hao saba wajulishwe, maana nao wana afya zao. Akatoa kalamu. Anataka majina! Nikataja shangazi zangu wote sita, na jirani mmoja wa kujazia.

Jumanne, 11 Februari
Tumepima, kliniki moja ndogo upande wa Kasubi. Wote wawili hatuna virusi. Mshauri, mzee Guerschom, kasema aliyengoja asione haya, ni uamuzi wake. Na asiyengoja, kondomu na kupima ndiyo heshima. Aibu, kasema, ni kumdanganya mtu unayetaka akuamini. Sijui alikuwa akimsema nani.

Akwero akanishika mkono. Mkono wangu, jamani! Akasema kama Jumapili nilitia chumvi, niseme sasa hivi, hatakasirika. Hata atafurahi. Mzee Guerschom akainamia makaratasi yake ili nisione haya. Nikavuta pumzi, nikakiri: nilidanganya, hawakuwa saba.

Akwero akatabasamu tabasamu ambalo sijawahi kupewa na mtu. Akauliza, basi walikuwa wangapi.

Nikasema wanne. Kwa unyenyekevu.

Kaondoka peke yake na boda, hata kwaheri hakuna. Nimeumia, sifichi. Nimerudi Wandegeya kwa miguu, nikifikiri njia nzima, na kosa langu nimeliona waziwazi. Ningesema wawili.