Usukani Niliopokonywa kwa Heshima

Wahome Matangi na Mabomba,
Kando ya barabara ya Namanga,
Kitengela.

Kwa Shemeji Opiyo, mkubwa wa boma la wakwe zangu, Mbita.

Shemeji,

Nilipoteza usukani wa boti yangu mwenyewe Jumanne ya pili ya Agosti mwaka huu, asubuhi, kwenye gati ya Homa Bay, mbele ya watu. Haukuanguka majini wala haukuibwa. Nilipokonywa kwa heshima, na aliyenipokonya ni wewe, ukiwa umevua kofia.

Nakuandikia kwa heshima hiyo hiyo, ingawa kwa sasa niko nayo ya kunitosha mpaka mwaka ujao.

Wewe wanijua, Shemeji. Mimi ni mtu wa lita. Nilikuja Kitengela na mkokoteni mmoja na mitungi ya maji, nikawauzia waliokuwa na bomba lakini hawana maji. Leo matangi yangu yamesimama juu ya nyumba kuanzia hapa mpaka Kajiado mjini, na ukinionyesha chombo chochote kilicho wazi nitakwambia kinabeba lita ngapi kabla hujamaliza kuuliza. Boti niliichagua kwa hesabu hiyo hiyo: mita sita, injini ya nguvu za farasi sitini, watu wazima watano na mzigo mdogo. Mimi nilihitaji nafasi ya watu wawili tu. Dada yako Adero, na mimi.

Sababu yenyewe ni hii. Mwaka jana Adero alikuwa akikunja nguo, na bila hasira yoyote akaniambia, "Wahome, mimi mgongo wako naujua kuliko uso wako." Nilikaa na maneno hayo. Ni kweli, asubuhi nampa mgongo nikienda dukani na jioni nampa mgongo nikiinamia pampu ya mtu. Basi nikapiga hesabu. Mume anayetaka kutazamana na mke wake bila mteja kuingia katikati lazima ampeleke mahali ambapo mteja hafiki kwa miguu. Kajiado nzima hakuna mahali kama hapo. Magadi kuna ziwa, lakini lile ni la magadi, na injini ingekuwa imeliwa kabla hatujaulizana habari. Ikabaki ziwa la kwenu.

Mpango ulikuwa rahisi. Tushushe boti Kendu Bay, twende Homa Bay, Mbita, tuvuke mpaka Sena kule Mfangano, tumalizie Sori. Mchana majini, jioni chumba kizuri, kila bandari samaki mmoja wa kugawana. Kiti cha Adero nilikifungua bolti kwa mkono wangu, nikakigeuza, nikakifunga tena, ili mimi nikiwa kwenye usukani yeye awe ananitazama usoni.

Wala sikuja nikiwa mjinga wa maji. Nilijifunza kuendesha kwenye bwawa la rafiki yangu Muthama, mfugaji wa kuku kule Isinya. Nililizunguka bwawa lile mpaka kuku wakazoea. Ni kweli kwamba ni dogo na la mviringo, hivyo nilifuzu zaidi katika kukata kushoto. Lakini kushoto nakata vizuri sana, na Muthama ni shahidi.

Sasa malalamiko yangu, kwa mpangilio.

1. Kushusha boti. Pale Kendu Bay nilikuwa sijatoa hata kamba ya trela, binti wa baba yenu mdogo, Valerie, akatoka kwenye duka lake la simu akipiga kelele kama aliyeona nyumba ikiungua: "Yawa! Orwa anasukuma boti!" Miaka hii yote nimeshajua kwamba Orwa ni mkwe wetu, na kwamba mkwe hasukumi kitu chochote mbele ya wakwe zake, kwa sababu aibu ni ya wenye boma. Wakaja wanaume sita. Nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli wa kampuni ya simu, nikapewa soda, na boti yangu ikashuka majini mimi nikiitazama kama mgeni wa heshima kwenye mazishi. Sikulalamika siku ile kwa sababu ya kiuno changu. Ningelijua, ningelalamika. Kabla soda haijaisha Valerie alikuwa ameshakupigia simu, na jambo la watu wawili likawa la ukoo.

2. Usukani. Tulipofika Homa Bay ulikuwa umesimama gatini na wazee watatu. Nyinyi mnasema niligonga gati. Mimi nasema niliigusa, tena kwa upande wa kushoto, kama nilivyokusudia. Ukaingia, ukavua kofia, ukanishika mikono yote miwili. "Shemeji, watu watasema nini? Kwamba tulimwoza dada yetu kisha tukamfanya mume wake dereva?" Nikakujibu kwamba boti ni yangu. Ukasema, "Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mwenye boti afanye kazi na sisi tumekaa?" Wazee wakaguna. Ukanitoa taratibu, ukaniweka kwenye kiti cha Adero, na usukani ukampa Adero, kwa maelezo kwamba yeye ni mtoto wa nyumbani na mtoto wa nyumbani hufanya kazi.

Hapa naomba niseme jambo. Sikujua kwamba dada yako anajua kuendesha boti. Kitengela hajawahi kuulizwa, kwa kuwa hakuna maji. Alirudi nyuma kutoka gatini kwa mkono mmoja, mkono wa pili ana mahindi ya kuchoma, akakata kulia. Kulia, Shemeji.

3. Uzito. Ulisema unapanda "mpaka hapo Mbita tu". Ukapanda na shangazi yako. Shangazi akapanda na gunia la omena, dagaa wa kwenu, na kabati la vyombo alilokuwa akipeleka harusini Sena. Nilisimama nikawaeleza kwa upole kuhusu kilo, na jinsi maji yanavyopanda ubavuni mwa chombo kilichozidiwa. Mlinisikiliza vizuri kuliko mteja yeyote niliyewahi kuwa naye. Kisha mkashusha kabati, na mahali pake mkampandisha mwenye harusi. Jaketi za kuzuia kuzama zilikuwa tano na sisi tulikuwa watano, hesabu safi kabisa, lakini nilipozigawa nilirudishiwa mbili. Moja mkasema nivae, ya pili niikalie ili nisiumie. Wewe ukasema unajua kuogelea. Nilikuuliza kama ziwa linajua.

4. Mama. Hili ndilo kubwa. Mama mkwe wangu ni mtu mwema na sina neno naye. Nasema hivyo kikamilifu, kwa sababu tangu nimwoe binti yake mimi naye hatujawahi kuwa na neno. Nikiingia mlango huu yeye anatoka ule. Desturi hiyo naiheshimu na nimeishika kuliko wengi waliozaliwa nayo. Lakini desturi hiyo inahitaji ukuta. Nyumbani kwenu kuna kuta, kuna jiko, kuna ua. Boti ya mita sita haina hata mlango.

Pale Mbita shangazi na mwenye harusi walishuka wangoje kabati lao lije kwa gari, nikamshukuru Mungu mapema mno. Mama alikuwa gatini amevaa gauni la kanisani, ana kuku chini ya kwapa. Alikuwa amesikia kwamba binti yake anaendesha boti kama zamani za baba yake, na alitaka kuona. Mkajadili pale juu zaidi ya saa nzima, mimi nimeinamisha kichwa. Uamuzi mliofikia nauandika kama ulivyo: Mama akae mbele, na mkwe akae nyuma kabisa karibu na injini, atazame nyuma.

Kutoka Mbita mpaka Sena, na kutoka Sena mpaka Sori, nilisafiri kinyumenyume juu ya sanduku la vyuma na mwavuli mkononi. Mbita naijua inavyoondoka. Sena naijua inavyoondoka. Watu wa ufukweni walikuwa wakipunga mkono boti ikikaribia, nami sikuwaona. Nilipoanza kuwapungia walikuwa wameshageuka kurudi kwenye shughuli zao. Ukiniuliza bandari ya Sori inafanana vipi mtu akitokea ziwani, sijui, na mwaka mzima nilijiandaa kuiona.

Na kile kiti nilichokigeuza kwa mkono wangu ili mtu atazamane na mwenye usukani? Alikikalia Mama. Walitazamana na Adero njia nzima.

5. Mawasiliano. Kwa kuwa sikuweza kugeuka, kila neno langu kwa mke wangu lilipitia kwako. Nikasema, "Mwambie Adero injini inapata joto." Jibu likaja: "Anasema anajua." Nikasema, "Mwambie Adero kuna kilima kizuri sana hapa." Jibu: "Anasema yeye alikipita kitambo." Baada ya hapo niliacha kuripoti mandhari.

6. Chakula. Kila bandari kuku alichinjwa kwa ajili yangu, na mkwe hakatai. Mimi niliyewaeleza kuhusu uzito ndiye niliyefika Sori mzito kuliko nilivyotoka.

Kwa hayo yote, Shemeji, na kwa kuwa boti iko kwenu na tumekubaliana irudi majini Desemba, natoa mapendekezo yafuatayo, kila moja likiwa na nia njema.

Pendekezo la kwanza: ukwe wangu uishie ukingoni. Nikiwa nchi kavu mimi ni Orwa, nipewe viti vyote. Maji yakishafika magotini niwe mtu yeyote tu mwenye boti. Nikirudi ukingoni ukwe uendelee pale ulipoachwa.

Kama hilo ni gumu kwa wazee, basi muda wote tukiwa ziwani mimi na Adero tuhesabiwe kuwa watu wasiojuana. Mama akisema si vizuri binti yake kuonekana na mwanamume asiyejulikana kwao, niko tayari kumposa upya nikiwa majini, mkitaka kwenye kila bandari.

Kama hilo nalo halifai, naleta ukuta. Hapa dukani nimechukua tangi la lita elfu mbili, nikalikata mlango, dirisha mbele, dirisha pembeni, nikatia pazia la maua na mto wa kukalia. Litafungwa katikati ya boti kwa bolti nane. Mama atakaa ndani kwa heshima zote, kivulini, anaona ziwa lote, na mimi nitakuwa huru kutazama mbele. Mbeke, karani wangu, alikaa humo asubuhi nzima kulijaribu na anasema hewa inapita vizuri na kwamba kama Mama halitaki yeye anaomba liwe ofisi yake. Wateja wawili wa Kimuka wameshauliza kama nauza mengine kama hilo.

Na ikiwa mtaona si adabu kumweka mzazi ndani ya tangi, ambalo naweza kulielewa, basi nitaingia mimi. Dirisha la mbele linatosha kuona gati, na usukani unaweza kupitishwa mlangoni. Nitaendesha nikiwa ndani, nyinyi nyote mkiwa nje, na hakuna mkwe atakayeonekana akifanya kazi. Adero atakuwa nje pia, hilo nimeliona, lakini kuna dirisha la pembeni.

Sitaki "tutakaa tuongee". Sitaki "wacha tuone". Sitaki kualikwa kula. Nataka jibu la neno moja: Desemba nitashika usukani, ndiyo au hapana. Linifikie kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kwa kuwa saa saba fundi anaanza kutoboa mashimo ya bolti kwenye tangi, na tangi likishatobolewa chini hata Mbeke hatalitaka kwa ofisi.

Nisalimie wazee watatu wa gati, na shangazi, na maharusi wa Sena. Kabati natumaini lilifika. Msalimie Valerie, mwambie soda ilikuwa baridi. Mama salamu zangu zimfikie kupitia mtu wa tatu, kama kawaida.

Ni mimi mkwe wenu, mwenye boti,
Wahome.

N.B. Jambo moja sikuliweka huko juu kwa sababu lingeniharibia hoja. Tulipotoka Sena, Mama alisinzia na Adero akakuachia wewe usukani. Wewe ulikuwa unatazama mbele, hukuona. Alikuja nyuma, na kwa kuwa Mama angeweza kuamka wakati wowote, hakukaa kunielekea. Alikaa akaegemeza mgongo wake kwenye wangu. Akaanza kunisimulia jinsi baba yenu alivyokuwa akimwamsha kwenda ziwani, na jinsi alivyolia wiki ya kwanza alipofika Kitengela akafungua bomba likatoa hewa. Sikuwa nimewahi kusikia hata moja ya hayo. Anasema ni rahisi kuniambia kitu nisipokuwa namtingishia kichwa kama mteja. Tangu turudi, jioni nikifunga duka yeye huleta kigoda chake akakiweka nyuma ya changu, tukakaa hivyo hivyo pale nje, majirani watuseme wanavyotaka. Juzi mtu alikuja akitaka tangi la lita elfu kumi. Nilimwambia aje kesho, wala sikugeuka.

Nikipewa usukani nitakuwa natazama maji. Kwa hiyo, Shemeji, jibu liwe hapana. Na lifike kabla ya saa sita, fundi asije akatoboa.