Jina la Mwanangu Limo Ndani ya Kompyuta Yenu

Kimbo, Ruiru
Novemba 1999

Kwa Mkuu wa Chuo cha Kompyuta, Thika

Bwana Mkuu,

Pokea salamu za mama anayeandika kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika mtoto. Mimi ni Trizah, mke wa mwalimu wako Calvince. Sina ubaya na chuo. Naomba tu mnirudishie jina la mtoto. Malalamiko ni haya:

1. Mlimpa Calvince kompyuta aje nayo nyumbani kwa sababu getini mmeandika "Intaneti" kwa rangi nyekundu, na ndani hakuna anayejua inaingilia wapi. Anasema kuna programu mbili zisizosikizana, naye anajenga kiungo cha kuzipatanisha. Kwenye kompyuta za aina nyingine kiungo hicho hujengeka vizuri, lakini kwenye Windows kinakataa. Sikubisha. Hata ukweni kuna watu wa namna hiyo.

2. Kila akijaribu kukijenga, mashine inalia "ti!" na kuandika kwamba haioni faili. Faili iko. Hata jirani yetu Waceke aliitwa akaiona. Mtoto naye akisikia "ti!" analia. Nikawa na vilio viwili, na mume mmoja anayebembeleza kile kisicho na machozi.

3. Mama mkwe wangu, Mama Perez, akaja kutoka Siaya. Kwetu mtoto akikataa kunyamaza, anadai jina la mtu wa ukoo aliyetangulia. Unayataja majina moja moja, na lile atakalonyamazia ndilo lake. Obiero? Kilio. Ogola? Kilio zaidi. Jeconia, marehemu babake Calvince? Kimya. Hapo mama mkwe akageukia meza ya kompyuta: "Na hiyo yako inayolia, si uipe jina pia? Ama uliiokota?" Calvince, kwa kukosa la kufanya, akafuta jina la folda alimoiweka kazi hiyo, "Kazi ya Chuo", akaandika lililokuwa bado masikioni: Jeconia. Kiungo kikajengeka hadi mwisho! Eti shida ilikuwa zile nafasi katikati ya maneno; mashine ilikuwa ikifika kwenye "Kazi" inaishia hapo. Nikamwambia hiyo tabia imetoka nayo chuoni.

4. Mama mkwe hataki kusikia mambo ya nafasi. Anasema mzee amechagua pa kuingia, na jina haligawanywi kama chapati. Kwa hivyo kliniki bado wanamwita mwanangu "Mtoto wa Trizah". Nikimwambia Calvince alitoe, ananijibu, "Mama Toto, tafadhali, usiguse hiyo folda hadi wageni wa chuo waone kazi." Na nikiita Jeconia, anakimbilia mezani!

5. Sasa kama kompyuta hiyo ni mjukuu, iwe mjukuu kamili. Ipelekwe kliniki ipimwe uzito. Ibebwe mgongoni, na wewe ndiwe utakayeibeba. Ipelekwe Siaya ionyeshwe kaburi la babu yake, na siku ya kugawa shamba chuo kilete mtu wa kuitetea. La sivyo, mfute hilo jina, folda yenu muiite jina lenu.

Nisalimie walimu wote, na karani wenu, na askari wa hapo getini, yeye hana makosa.

Ni mimi, niliyebakisha subira kidogo,
Trizah

Baada ya sahihi: Calvince amesoma barua hii akaona haya. Amelitoa jina, folda ameiita "Thika". Mashine imelia tena. Nimeinama nikasoma mwenyewe: inasema haimwoni Jeconia. Inamtafuta! Bwana Mkuu, mimi ni mzazi. Nilimweka mtoto chini, nikairudishia jina herufi moja moja, ikatulia. Mama mkwe amekubali kwamba mzee alikuwa na roho kubwa, wawili anawatosha. Basi choma barua hii, na Jumapili uje kwa sherehe ya jina. Ni mapacha, usije na zawadi moja.