Gia Ndefu za Kwenda Gitega

Jumatatu, 4 Agosti

Binti yangu Houda ameniomba kitu kimoja tu kwa ajili ya harusi yake. Si ukumbi, si dhahabu. Anataka nimwendeshe mwenyewe hadi Gitega kwa mumewe, ndani ya Pilipili. Pilipili ni gari langu: dogo, jekundu, lina turbo. Ndiyo iliyompeleka shule. Alikuwa anakaa mbele, mkono wake mdogo juu ya mkono wa gia, wangu juu ya wake, tunabadilisha pamoja. Nilidhani amesahau.

Katika ukoo wetu, aliyemwendesha bibi harusi ndiye anayemshusha, anamshika mkono na kumfikisha mlangoni. Leo nimekaa dukani nikifikiria mlango ule tu. Nauza taa na vioo vya magari hapa mtaani Buyenzi. Sijauza hata kioo kimoja.

Shida ni gia ya pili. Inasaga. Shida kubwa zaidi ni Aboubacar, kaka wa mke wangu. Anakaa Kinindo, mtaa wa wenye nazo, ana gari kubwa jeupe aina ya jipu, na hapandishi sauti kamwe. Jana mbele ya wageni akasema kwamba nikipenda, jipu lipo. Nikamwambia sipendi. Wageni wakaendelea kula.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepeleka Pilipili mtaa wa Cibitoke kwa siri. Mafundi wa Buyenzi ni wazuri, lakini kabla hujafika nyumbani habari ya gari lako imeshafika Kinindo.

Fundi wangu ni Cirimwami, mtu wa Uvira, bingwa wa giaboksi, mwimbaji wa kwaya. Ameifungua ya kwangu akaguna kwa huzuni. Kisha akaleta mbili nyingine kutoka nyuma ya gereji. Moja ina gia fupi, nyingine ina gia ndefu. Akanieleza: gia fupi inavuta sana lakini haikimbii, injini inapiga kelele tu. Gia ndefu inakimbia sana lakini haivuti. Nikamuuliza angechagua ipi. Akasema, "Muzee, mi nafunga ile utasema. Lakini tujaribu zote mbili kwa mulima, pale kwa njia ya Bugarama. Mulima haudanganye mutu."

Ushauri mzuri, ila petroli yangu yote ni jerikani moja. Nimeipigia foleni mpaka nikawajua watoto wa watu waliokuwa mbele yangu kwa majina. Nikiimwaga kwenye majaribio ya mlimani, harusi nitakwenda na nini? Hapana. Nitachagua kwa akili.

Akili yangu ni hii. Gari la bibi harusi halipitwi na mtu, msafara mzima unakwenda kwa mwendo wake. Kwa hiyo nitakuwa mbele, Aboubacar nyuma. Baada ya Bugarama, kule juu mlima unapoishia, zipo sehemu nzuri zilizonyooka. Hapo nataka azione taa zangu za nyuma zikiwa ndogo, kisha ndogo zaidi. Ni taa safi, nimezifunga mwenyewe. Na ule mlima? Mlima ni kazi ya turbo. Turbo niliinunua ya nini?

Ijumaa, 8 Agosti

Gia ndefu. Nimeamua.

Baada ya swala nilimweleza Assia mpango wangu wote, kwa kuwa mke anastahili kujua mambo ya mumewe. Nilimchorea hata kwa kidole mezani. Alisikiliza huku akichambua mchele. Mwishoni akauliza kitu kimoja tu: "Baba Houda, Gitega iko juu ama iko chini?"

Nikamwambia mambo ya gia ni ya hesabu. Akarudi kwenye mchele wake.

Jumapili, 10 Agosti

Siku tukufu. Nimechukua Pilipili asubuhi, imefungwa, imekaza. Cirimwami akarudia habari ya mlima. Nikamwahidi nitakwenda kidogo tu, pale unapoanzia mwinuko, nione, nirudi.

Njiani nikaliona jipu jeupe. Aboubacar na familia yake, wanaelekea njia ya Rumonge kula samaki wa mukeke kando ya ziwa. Usukani wenyewe ukageukia huko.

Njia tambarare, imenyooka, ziwa upande wa kulia. Gia ya tatu ikavuta, turbo ikaamka na kupiga mluzi, ya nne, ya tano. Nikampita mlangoni mwa kijiji fulani. Sijui kama alijua tunashindana. Alinipungia mkono. Mkewe pia. Nikaenda mbele sana, nikageuza, nikampita tena kwa upande wa pili ili ahakikishe. Akapunga tena.

Upungufu mdogo: wakati wa kuondoka gari linasitasita, na kulikuwa na harufu ya klachi. Nadhani ni ya lori lililokuwa karibu. Na jerikani imekwisha.

Jumatano, 13 Agosti

Vituo vyote vimekauka. Kimoja kina watu waliolala ndani ya magari yao kama wapangaji. Nimejaribu kwa rafiki, kwa jirani, kwa mtu wa bodaboda. Kila mtu ananiuliza ile jerikani yangu iko wapi. Buyenzi nzima iliijua ile jerikani.

Jioni Assia akampigia kaka yake bila kuniuliza. Aboubacar ameleta petroli mwenyewe, ameimimina mwenyewe, akafuta na kifuniko kwa kitambaa. Akaniambia, "Shemeji, siku ile kwa njia ya Rumonge ulikuwa na haraka. Nilisema pengine kuna mugonjwa." Hakuwa anacheka. Ndiyo shida ya mtu huyu, huwezi hata kumchukia kwa raha. Nikamwambia ndiyo, kulikuwa na mgonjwa.

Jumapili, 17 Agosti

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Jana nikahi ilifungwa asubuhi, alhamdulillahi. Bwana harusi, Massoudi, kijana mpole, akatangulia Gitega na wazee wake kutusubiri. Sisi tukafuata na msafara. Pilipili mbele, maua juu ya boneti. Houda akakataa kukaa nyuma kama mabibi harusi wengine. Akakaa mbele pembeni yangu, gauni limejaa mpaka kwenye usukani. Assia nyuma na masanduku. Watu wa Buyenzi walisimama barabarani. Nilijiona mtu.

Mjini tulikwenda vizuri. Kisha njia ikaanza kupanda.

Sasa najua, na kujua kwangu hakunisaidii. Turbo inataka injini izunguke haraka ndipo iamke. Gia ndefu kwenye mlima zinaizungusha polepole. Turbo ikalala. Na turbo ikilala, Pilipili ni kigari tu kilichobeba watu watatu, masanduku na fahari yangu. Nikatoka ya tatu, nikaingia ya pili. Nikatoka ya pili. Nyuma honi zilikuwa bado za furaha.

Ikaja harufu. Safari hii hakukuwa na lori mbele.

Lori likaja baadaye, kutoka nyuma. Lilikuwa lori la mizigo, na nyuma yake wameshikilia vijana wa baiskeli, wale wanaopanda hivyo kila siku kwenda kufuata ndizi. Lori halijui desturi za harusi. Likatupita. Vijana wakatupita pia, mmoja mmoja, mkono mmoja kwenye lori, na wa mwisho akainama dirishani akamtakia Houda watoto wengi. Houda akamshukuru.

Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wa gia, kama zamani. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, weka ya kwanza."

Nikamwambia tuko kwenye ya kwanza.

Honi za nyuma zilishabadilika. Hakuna aliyeweza kutupita, gari la bibi harusi halipitwi. Ndugu zangu wote, majirani wote, walikuwa wanapanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetoka sokoni na mzigo. Kabla hatujafika hata nusu, klachi ikatoa moshi, na Pilipili ikasimama.

Aboubacar alishuka, akaja taratibu. Hakucheka. Alifungua mlango wa Houda, akasema jipu lina nafasi. Houda akasema hashuki, tutangoja wote ipoe. Nikamwambia ashuke, watu wanamsubiri. Akashuka huku ananitazama, Assia akamfuata.

Na hapa ndipo penyewe, hapa ndipo ninapojuta na nitajuta. Aboubacar aliniambia, "Na we kuja, shemeji. Kiti cha mbele ni yako." Kilikuwepo. Nilikiona, kitupu, kisafi. Ningekaa pale, ningefika, ningemshika mwanangu mkono. Hakuna ambaye angeuliza nimefika na gari gani.

Nikamwambia atangulie. Nikasema klachi ikipoa nitawapita Bugarama.

Wakaondoka. Magari yote yakanipita, sasa yanaruhusiwa, gari la bibi harusi ni jipu. Kila mmoja alipunguza mwendo kwa adabu. Nilipungia kila mmoja mkono kama mtu aliyesimama pale kwa hiari yake. Klachi haikupoa. Wapita njia wakanisaidia kugeuza gari, nikateremka hadi mjini injini ikiwa imezimwa. Kwa kuteremka gia zote ni nzuri.

Assia alinipigia simu jioni kutoka Gitega. Akasema harusi imekuwa nzuri, chakula kimetosha. Aboubacar alimshika Houda mkono hadi mlangoni. Nikauliza Houda alisema nini. Akasema Houda alisimama mlangoni muda mrefu anatazama barabarani, mpaka mama mkwe akamwambia aingie.

Jumanne, 19 Agosti

Sijakwenda dukani. Assia amerudi, hajanilaumu hata kwa neno moja. Amenipikia. Ningependelea anilaumu.

Pilipili iko Cibitoke. Cirimwami alinitumia picha ya klachi. Nimeifuta.

Ijumaa, 22 Agosti

Houda amenitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza nyuma ya duka, kisha tena, kisha tena. Amesema Jumapili anapika kwa mara ya kwanza nyumbani kwake, anapika wali na maharagwe ninayoyapenda, na anataka nikae pale mbele ya meza. Akasema, "Usilete kitu, Baba. Kuja tu. Nitakungojea kwa mulango."

Nimelia. Sioni aibu kuandika.

Aboubacar naye amepiga simu. Anakwenda Jumapili na mkewe na Assia, na kile kiti cha mbele ni changu. Nikamshukuru kutoka moyoni, nikamwita ndugu yangu. Nimekubali. Mimi si mtoto. Mtu mzima anajua lini apande gari la mwenzake. Jumapili nitakaa mbele, nitatazama milima, nitafika.

Jumamosi, 23 Agosti

Nilipita Cibitoke asubuhi kusalimia tu.

Cirimwami alikuwa ameshafunga klachi mpya. Akanionyesha ile giaboksi nyingine, ya gia fupi, bado ipo. Nikaishika. Nzito, safi, inazunguka bila sauti. Akanikumbusha mwenyewe kwamba hii inapanda mlima kama mbuzi. Nikafikiria ule mlima. Nikafikiria jipu jeupe, zito vile, na watu ndani. Njia ni ileile. Kesho si msafara wa harusi, kesho kila mtu anampita amtakaye.

Kosa langu lilikuwa gia ndefu. Hilo tu. Nimelifahamu kosa, nimejifunza. Ile fupi ndiyo ya Gitega, mtu yeyote angeona.

Nikamwambia aifunge. Akasema leo ana mazoezi ya kwaya, atamaliza kesho asubuhi, Mungu akipenda, baada ya misa. Sasa hivi ninapoandika Pilipili iko juu ya mawe, giaboksi moja chini, nyingine kwenye benchi.

Nimempigia Aboubacar kumwambia asiniwekee kiti. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia atangulie tu na akina mama. Assia alikuwa anakunja nguo ya kuvaa kesho, akasikia. Alichukua shati langu jeupe alilokuwa amelipiga pasi, akalirudisha kabatini.

Nimemtumia Houda ujumbe asubiri mlangoni kama alivyosema. Nitawapita Bugarama.