Hodi kutoka Mawinguni

Jumatatu, 2 Juni

Siku kubwa! Bi Lamiley, bosi wetu, ametukusanya wahudumu wote wa ndege na kutangaza kwamba ndege ya Johannesburg imewekewa intaneti. Abiria watapiga simu wakiwa angani. Watatuma picha. Watagombana na wake zao kutoka juu ya mawingu. Safari ya kwanza ni Jumamosi, na mkurugenzi mwenyewe atapanda. Mhudumu atakayesimamia huduma hiyo vizuri atapewa cheo na ofisi hapa Accra. Meza. Kiti cha kuzunguka. Ofisi ya ardhini!

Moyo uliruka. Baba yake mpenzi wangu Araba, Bwana Amissah, ni mpima ardhi mstaafu. Ameshasema hampi binti yake mtu anayelala leo nchi hii, kesho nchi ile. Anataka mkwe mwenye miguu chini. Bila ofisi hiyo sina mke. Na Araba namtaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, pikipiki ikiwemo.

Tunaowania ni wawili: mimi, Kobina Essilfie, na Selorm. Selorm hupiga pasi mpaka soksi.

Jumanne, 3 Juni

Balaa. Mjomba Fiifi amepiga simu kutoka Saltpond. Wazee wetu wamepanga siku ya kwenda kubisha hodi kwa akina Araba, huko huko Saltpond, yaani kuniposea. Jumamosi hii! Nikasema Jumamosi nina kazi. Akaniuliza nimerogwa na nani. Chupa mbili za pombe zimeshanunuliwa, shangazi ameshasuka nywele. Hodi haiahirishwi, akasema. Ukiahirisha, wenye nyumba wanajua umeona ua jingine kwenye bustani nyingine.

Nikajilaza nikawaza. Nikapata! Nitahudhuria kwa simu ya picha, kutoka ndani ya ndege. Intaneti si ipo? Mjomba ataisimamisha simu kwenye kiti, uso wangu utakaa pale kama mtu mzima. Mke na ofisi kwa siku moja. Wazee husema mshika mawili moja humponyoka. Wazee hawakuwa na setilaiti.

Ila Bwana Amissah asijue niko juu. Nikampigia. Nimeshahamishiwa ofisini, nikasema, tena zamani, na Jumamosi kuna wageni wakubwa, siwezi kutoka. Akauliza ofisi iko ghorofa ya ngapi. Nikasema ya chini kabisa. Akafurahi sana! Akakubali simu, kwa mara hii tu.

Araba naye nimemwambia hivyo hivyo. Akapiga vigelegele. Hapo roho ilinisuta kidogo. Nikanywa maji, ikapita.

Jumatano, 4 Juni

Mafunzo. Fundi alieleza habari za antena iliyo mgongoni mwa ndege, na jinsi inavyoitafuta setilaiti huko juu. Selorm aliandika kila neno. Mimi nilichora kidole cha Araba chenye pete.

Lakini moja nililishika. Nyuma kabisa, kwenye jiko la ndege, kuna kioo cha kugusa. Abiria wamegawanywa mafungu: mbele, katikati, nyuma. Ukigusa fungu, intaneti yake inazimwa, na waliobaki wanapata kasi zaidi. Nikakitazama kioo kile kwa mapenzi.

Bi Lamiley akauliza: mtandao ukilemewa tufanye nini? Selorm akajibu, akataja na ukurasa. Kujipendekeza tu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimetoka soko la Makola na pazia zuri ajabu. Limechapwa picha ya kabati la mafaili. Muuzaji alisema wapiga picha wa vitambulisho ndio wateja wake wakubwa. Nimelitundika nyumbani, nikajipiga picha nimevaa vazi la marehemu babu begani. Jirani alipochungulia, akanipongeza kwa kuajiriwa serikalini.

Kamba za kutundikia ninazo. Mjomba ameshafundishwa kushika simu, ingawa huishia kunionyesha dari.

Ijumaa, 6 Juni

Leo nimemaliza kazi na Selorm. Kijitabu cha maelekezo ya mtandao kiko kimoja tu ndegeni. Nimekichomeka chini kabisa ya rundo la mablanketi. Kesho kitu kidogo kikiharibika, atababaika mbele ya mkurugenzi, nami nitatokea nikitabasamu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Selorm na ajihadhari.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika hotelini Johannesburg.

Tuliruka salama. Tukagawa chakula. Mkurugenzi, kiti cha mbele, akatangaza kwa sauti kwamba yeye ndiye atakayepiga simu ya kwanza, tena atampigia mama yake mzazi kule mjini Ho. Makofi. Nikaona hapo ndipo pa kuponyokea. Nikarudi jikoni, nikatundika kabati langu la mafaili, nikavua shati, nikajifunga vazi la babu juu ya suruali ya sare, nikapiga simu.

Picha ikakwama. Mjomba akawa viboksi vitupu. Abiria wote walikuwa wanatumia mtandao! Nikagusa kioo. Katikati, zima. Nyuma, zima. Bado. Basi nikagusa na mbele. Picha ikasafika mpaka nikaona meno ya dhahabu ya msemaji wa akina Araba.

Mjomba alianza vizuri mno. Tulikuwa tunapita, akasema, tukaona ua zuri kwenye ua wa nyumba yenu, tunaomba ruhusa ya kulichuma. Wakajibu nyumba yao ina maua mengi, tumeona lipi? Watu wakacheka. Nami nikacheka kwa heshima, bega moja wazi.

Ghafla rubani akanguruma kwenye spika kwamba tuko futi elfu thelathini na nane. Bwana Amissah akauliza nani huyo. Nikasema redio. Akauliza ofisi gani yenye redio ya namna hiyo. Nikasema ya serikali.

Mara pazia langu likatikisika. Mama mmoja mnene wa kiti cha mwisho akachungulia. Alikuja kuuliza kwa nini intaneti yake imekufa. Akamsikia Mjomba akisema ua. Basi! Mfante yule, mtu wa kabila letu, asikie hodi inabishwa, anyamaze? Akaingia mzimamzima, akawaamkia wakwe, akanisimamia begani. Nikamtambulisha kama mwenzangu wa ofisini. Akadaka papo hapo. Bwana Amissah akamuuliza kijana huyu anafanya kazi? Akajibu kwa dhati:

"Baba, huyu ni dhahabu! Nimemwomba juisi mara mbili, mara zote kaleta. Tena na barafu!"

Nyuma yetu abiria wa safu za mwisho wakawa wameshasimama kusikiliza. Hawana mtandao, watafanya nini kingine?

Wakamleta Araba. Mungu wangu. Kavaa kitambaa cha kijani, kainamisha kichwa. Msemaji akamwambia watu hawa wameleta chupa, je, wazipokee? Wasije wakanywa halafu wakaambiwa watapike. Wapokee, akasema. Safu za nyuma zikashusha pumzi. Akaulizwa mara ya pili. Wapokee. Mama mnene akanibana mkono mpaka ukafa ganzi. Mara ya tatu ndiyo inayofunga. Msemaji akauliza. Araba akainua kichwa. Akanitazama machoni. Akafungua mdomo.

Simu ikazima.

Mtandao wote ukazima. Kumbe mbele mkurugenzi alikuwa anasema haloo, haloo, mama, na hakuna mama. Bi Lamiley akamtuma Selorm arekebishe. Selorm akatafuta kijitabu, hakukiona. Akakumbuka ukurasa mmoja tu: kuzima mtambo wote na kuuwasha upya. Akauzima! Kwenye neno la tatu! Binadamu gani yule?

Mtambo ulipowaka, mjomba hakupokea tena. Nikamwendea rubani nikamwomba awaulize wa mnara wa Accra kama Araba amekubali. Akanitoa nje. Safu za nyuma walikataa chai kwa wasiwasi. Mama mnene aliomba dua kwa sauti mpaka tunatua.

Jumapili, 8 Juni

Ujumbe wa mjomba umefika. Ni mrefu, na hauna nukta hata moja.

Simu ilipokatika, picha ya mwisho ilibaki imeganda. Mimi mdomo wazi. Mama mnene. Na pazia ambalo yeye alilisogeza alipoingia. Bwana Amissah alivaa miwani, akaisogelea simu jinsi alivyokuwa akisogelea mawe ya mipaka. Akawauliza wageni kwa utaratibu kabisa: ofisi gani ya Accra, ya ghorofa ya chini, ina bawa nje ya dirisha?

Shangazi alisema labda ni kiyoyozi.

Na Araba? Mara ya tatu alisema anamtaka Kobina, lakini Kobina mwenyewe, sio huyu aliyetundikwa kitini. Kwa hiyo chupa hazikufunguliwa, wala hazikurudishwa. Zimewekwa pembeni. Jumamosi ijayo niende kwa miguu yangu, niketi mbele ya Bwana Amissah, niseme kweli yote. Nisipotokea, chupa zinarudi, na mjomba anahama mji kwa aibu.

Mkurugenzi naye hajampata mama yake mpaka leo asubuhi.

Jumatatu, 9 Juni

Accra. Araba amenipigia. Sikutegemea.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema angenikubali hata kama ningeishi mwezini, na baba yake angemlainisha taratibu, alishaanza.

"Baba anaogopa mawingu, Kobina. Mimi naogopa mapazia. Leo umenifichia ndege, kesho utanifichia nini?"

Nililia. Kweli nililia, mpaka jirani akauliza kama serikali imenifukuza. Nikamwahidi Araba kwamba sitamdanganya tena maishani. Akasema tutaonana Jumamosi. Sauti yake ilikuwa bado ya mtu anayenipenda, nami sistahili. Nimelipeleka pazia la mafaili jalalani, nikarudi nyumbani mtu mpya.

Jumanne, 10 Juni

Mtu mpya ameitwa na Bi Lamiley. Mablanketi yamekaguliwa. Kijitabu kimeonekana. Kioo nacho, kumbe, hukumbuka kila kilichoguswa na saa kilipoguswa. Mashine za siku hizi ni wambeya.

Lakini sijafukuzwa! Bado. Nitasikilizwa na kamati. Ofisi haijatolewa kwa mtu; Selorm naye anaulizwa kwa nini alimkatia mkurugenzi simu. Nikijitetea vizuri, kwa unyenyekevu, huenda kiti cha kuzunguka kikawa changu bado. Kamati inakaa Jumamosi asubuhi. Nikaomba siku nyingine. Bi Lamiley akasema siku nyingine ni ya kukabidhi sare.

Jumamosi! Saltpond na kamati, asubuhi moja!

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilijifungia nikawaza kwa utulivu. Kosa la safari ile lilikuwa nini hasa? Picha. Picha ndiyo iliyoniumbua. Sauti haina bawa. Kwa hiyo nimemwambia Bi Lamiley kwamba nimelazwa hospitali ya Korle Bu, tumbo, na nitajitetea kwa simu nikiwa kitandani. Amenipa pole, amekubali.

Nitaketi mbele ya Bwana Amissah kwa miguu yangu miwili, kama nilivyoahidi. Sitamdanganya Araba hata kidogo. Hili ni la Bi Lamiley. Kwenye sikio la kushoto nitakuwa na kisikilizio kidogo cha simu, cha rangi ya ngozi yangu hasa, nimekinunua leo. Mkwe akiuliza, nitamjibu mkwe. Kamati ikiuliza, nitainamisha kichwa kama mtu anayeona haya, nitaijibu kamati kwa simu iliyofichwa ndani ya vazi la babu.

Wote watauliza jambo lile lile: kwa nini ulidanganya? Jibu moja litatosha pande zote mbili. Safari hii sioni pa kuharibika.