Majembe ya Issuna Yapigwa Msasa

(Hotuba ya Ndugu Bonaventura Mazengo, Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Kuhuisha Zana Chakavu, kwa wanakijiji wa Issuna, mwaka 1975, mvua ya kwanza ikiwa imeshanyesha.)

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Katibu wa Tawi, Ndugu Bwana Shamba, mabalozi wa nyumba kumi kumi, Padri, Shehe, wazee wetu shikamooni, vijana wa mgambo mliosimama wima huku mmoja wenu akisinzia, na ninyi wananchi mliokaa juani kwa sababu turubai limetosha wageni tu: Uhuru! (Na Kazi!) Sijasikia! Uhuru! (Na Kazi! Mtu anapiga chafya.)

Ndugu zangu, kabla ya kiangazi nilipokea kwa simu ya tarafa, ambayo mnajua inavyokoroma, maelekezo kwamba Issuna "ipigwe msasa", na kwa kuwa mimi si mtu wa kuulizauliza mambo yaliyo wazi, nilianzisha palepale projekti ya kukusanya randa zilizokwisha, tupa butu na majembe yaliyolika, ili kwa plani ya kisayansi yageuzwe kuwa vishikio vya msasa, na seremala wa ujamaa asisugue tena madawati kwa kuchubua vidole kama enzi za mkoloni. (Makofi, meza kuu peke yake.)

Mkaitikia! Asilimia mia moja na nne ya kaya zilitoa zana, maana wapo waliotoa hata za jirani. (Kicheko. Jirani hacheki.)

(Sauti ya mama: "Ndugu, jembe langu halikuwa bovu. Lilikuwa dogo tu. Mtama haungoji kamati, nitalimia nini?")

Huyo ni Mama Yunisi, mpenda maendeleo, ila yeye na hayo maendeleo wakikutana barabarani hawatafahamiana. Mama, jembe lako limepandishwa cheo! Lilikuwa linainamia udongo, sasa linahudumia fenicha! (Miguno.) Na ili wenye mashaka waaibike, tazameni sampuli hii. (Anainua kipande cha mpini kilichoviringishiwa karatasi ya msasa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Anasugua meza kuu. Karatasi inachomoka.) Mmeona efishensi? Kazi imekwisha, karatasi imejiondokea yenyewe!

(Mama Yunisi: "Huo mpini ni wangu! Hiyo alama niliichoma mimi kwa moto!")

Hongera sana, Mama! Sasa ni mpini wa taifa.

Nisije nikasahau, maana kiongozi wa kweli hafichi kitu akishaulizwa na wakubwa: imebainika, kupitia kodineshen ya ngazi za juu, kwamba yule wa kwenye simu alimaanisha viongozi wa Issuna wapigwe msasa, yaani tupelekwe semina. Basi nikalisawazisha jambo hilo kwa kasi ya ajabu. Tulikwenda mjini, tukapigwa msasa wiki nzima, na mnajionea wenyewe nilivyolainika! Kwa kuwa semina ile haikuwa na fungu la chakula, majembe yenu yakapata mnunuzi wa chuma chakavu, nasi tukapata wali na nyama. Nyama ilikuwa laini, nasema kweli. (Ngurumo upande wa Ikungi. Watu wanatazama mawingu, kisha wanatazama mikono yao.)

Kwa hiyo nawashukuruni kwa moyo wenu wa kujitolea, ambao nilikuwa nautafuna huku nikiwakumbuka mmoja mmoja. Zana chakavu! Mnatakiwa mjibu "Uchumi mpya!" Zana chakavu! (Watu wanainuka. Mama Yunisi amepanda jukwaani, ameutwaa mpini, ameutupa ule mpira wa baiskeli, anashuka.)

Mama! Mama Yunisi! Tafadhali, mama yangu, rudisha huo mpini! Kesho wageni wa mkoa wanakuja kufungua kiwanda cha vishikio vya msasa, na kiwanda chenyewe ndio huo mpini!