Inchi Nne za Mpira

Jumatatu, 3 Agosti

Naahidi kuandika yote katika daftari hili, hata yale yatakayonitia aibu. Mwalimu alisema anayeficha jambo katika shajara yake anajidanganya peke yake, tena anaharibu karatasi.

Jambo lenyewe ni Babu. Amerudi kutoka hospitali ya Bethel. Muuguzi amesema moyo wake umechoka na hakuna dawa ya kuupumzisha. Babu anataka kitu kimoja tu: kuiona tena kambi yetu ya samaki, juu huko mtoni, alikozikwa Bibi. Kwa mashua ni siku mbili za kutikiswa. Kwa ndege ya Baba ni dakika hamsini. Lakini kambini hakuna uwanja. Kuna ufuko wa changarawe tu, na mawe yake mengine ni makubwa kama vichwa vya watoto. Magurudumu yetu madogo hayawezi.

Mimi lazima niende. Nilizaliwa mwaka aliokufa Bibi, nikapewa jina lake, na kwetu jina humrudisha mwenyewe, kwa hiyo mimi ndiye Bibi. Babu huniita mke wangu, na hunilalamikia kwamba zamani chai yangu ilikuwa tamu zaidi.

Baba ameamua kununua matairi ya tundra, yale manene na laini yanayoviringika juu ya mawe bila kujali. Mjomba Wassillie anayauza kule Anchorage. Baba amesema ya inchi thelathini na moja yanatosha. Ameniambia niandike barua mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Niliandika thelathini na tano.

Nitaeleza sababu. Kwanza, usalama wa Babu. Kama thelathini na moja ni salama, thelathini na tano ni salama zaidi. Hiyo ni hesabu. Pili, ndege ya baba yake Feodora, mwanafunzi mwenzangu, ina ya thelathini na moja, na Feodora ameshatangaza shule nzima. Sababu ya pili ni ndogo sana.

Jumatano, 5 Agosti

Barua imeondoka. Feodora alinikuta ukingoni nikimsaidia Mama kupasua samaki. Akaniuliza kama ni kweli tunanunua matairi, au tutaendelea kutua kwa magurudumu ya kigari cha mtoto. Nikamwambia asubiri. Akasema kwao kusubiri wamezoea, maana ndege yao ikishafika, yetu huwa bado inakohoa. Nikapasua samaki vibaya. Mama akanitazama, akaninyang'anya kisu.

Jumanne, 11 Agosti

Matairi yamefika. Mbwa wetu alisimama kando yake akaonekana kama paka. Watu wakaja kuyabonyeza. Feodora alinyamaza dakika nne nzima. Nilihesabu.

Kisha Baba akasoma kikaratasi cha Mjomba. Mjomba alikuwa akiuliza kama shemeji yake sasa ameanza kubeba nyangumi. Baba alikisoma mara mbili. Hakupiga kelele, kwetu hatupigi. Aliniuliza tu kama nilisikia vibaya au niliandika vibaya. Nikasema nilisikia vizuri. Akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Kuyabadilisha kutachukua wiki mbili. Jana Babu hakuweza kupanda ngazi tatu za bafu la mvuke. Yatafungwa hayahaya.

Alhamisi, 13 Agosti

Ndege sasa imeinua pua kama mtu anayenusa chungu cha jirani. Baba akiketi haoni njia, anaona mawingu. Anasema hilo atalizoea. Tatizo ni uzito.

Alinionyesha hesabu taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Ufuko ni mfupi. Ndege nzito inaweza kutua pale ikashindwa kuondoka. Kwa matairi ya thelathini na moja tungeenda watatu bila mzigo wa ziada. Haya yameyazidi kwa ratili arobaini. Rubani haachwi. Babu haachwi.

Nina mpango.

Ijumaa, 14 Agosti

Mpango: kuzitafuta ratili arobaini. Nimeng'oa kiti changu, nitakaa sakafuni juu ya ngozi. Ratili kumi na mbili. Nimetoa sanduku la spana. Tisa. Hema na chakula cha dharura, kumi na sita. Tangu jana sijala isipokuwa biskuti moja ngumu.

Nikaenda kupanda mzani wa mizigo uwanjani. Feodora akausoma kwa sauti ili na mbwa wasikie: nimepungua nusu ratili. Akaniuliza kama nimekata kucha.

Jioni Baba akarudisha spana. Akarudisha hema na chakula. Akasema anayeruka bila hema anawatakia wenzake kazi ya kumtafuta. Kiti hakukirudisha. Kwa dakika kadhaa nilidhani ni ishara njema. Kumbe pale pataketi mtungi wa oksijeni.

Jumamosi, 15 Agosti

Wameondoka. Kabla hawajapanda nilimpelekea Babu chai. Akainywa yote, akasema leo nimekumbuka kipimo cha sukari. Akaniuliza nina ujumbe gani kaburini. Nikakipangusa kikombe kilichokuwa kitupu. Akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Basi, mke wangu, nitakusalimia wewe mwenyewe."

Nilitaka kumwambia ni nani aliyeandika thelathini na tano. Baba akawasha injini.

Feodora alikuja kusimama karibu nami. Alinipa nusu ya samaki wake mkavu, nikala.

Jumapili, 16 Agosti

Baba amerudi peke yake.

Anasema alitua vizuri kabisa. Babu akashuka, akaenda kaburini kwa miguu yake, akakaa kitambo. Wakati wa kurudi akakataa kupanda. Alisema ameshafika, samaki wanapanda mto, na binamu yake Moses yuko pale na mkewe. Sasa arudishwe wapi tena? Baba alimbembeleza mpaka mawingu yakaanza kushuka.

Babu ameagiza majani ya chai. Pia ameagiza mimi, kabla ya barafu.

Jumatano, 19 Agosti

Mvua siku tatu. Maji yamepanda, nusu ya ufuko imezama. Baba anasema ataweza kutua peke yake na chai, basi. Abiria mpaka mto ugande, atakapofunga skii za kuteleza juu ya barafu badala ya magurudumu. Alimwuliza muuguzi kwa redio kama Babu ataiona barafu. Muuguzi alijibu tumpelekee chai anayoipenda.

Mama alitoka nje. Mimi nilibaki na daftari.

Nimefikiri kwa makini na kosa langu nimeliona. Niliishia njiani. Nimeandika barua nyingine bila kumsumbua Baba, na nakala ni hii:

Mpendwa Mjomba Wassillie, shikamoo. Matairi ni mazuri, asante. Ufuko umekuwa mfupi na wa matope, na mimi nahitajiwa kambini. Tafadhali nijibu kwa ndege ya barua ya Ijumaa, wala usimwandikie Baba, ana mawazo mengi. Je, yapo ya inchi arobaini?