Wavu Umeshika, Suruali Imekwenda

Nimeaibika leo, ndugu zangu. Si kidogo. Nimeaibika mbele ya mama mkwe, mchana kweupe, na mashahidi watatu wa kanisa.

Nawaandikia nyinyi mlio bandani Homa Bay, mnaoshona nyavu huku gugumaji limewafungia boti. Najua barua hii itasomwa kwa sauti. Sawa. Lakini Okeyo atoke nje kwanza. (Okeyo, unajua kwa nini.) Mwandiko mnisamehe, mimi niliishia darasa la nne, na tena naandika nikiwa nimevaa leso. Hiyo leso nitaieleza.

Hamjasahau Okeyo alivyoijaza ile boti, magunia juu ya watu, watu juu ya magunia. Nilimwambia, "Omera, ndugu yangu, punguza." Akaniambia mimi ni mwoga. Tukapinduka. Wengine hawakurudi. Mimi nilirudi nimekumbatia nusu ya kasia. Sijamsamehe na sitaanza leo. Nikaliaga ziwa, nikarudi nyumbani Uriri, na sasa navua kwa ndoana mtoni Kuja, mahali ambapo mtu anaona ng'ambo.

Mwaka ule mama mkwe alikuja kutoa pole. Hakuniambia kitu, maana mama mkwe na mkwe hawazoeani, hilo mnalijua. Lakini alimwambia binti yake, mke wangu Akinyi, Mama Atieno, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta: "Huyu mume wako maji yamemkataa. Hata samaki watamkataa." Akaondoka. Hakukanyaga tena boma langu.

Mpaka leo. Alituma habari kwamba Jumapili hii anakuja. Saa sita. Kwa barabara kubwa. Mama huyu ni Msabato wa kweli, haonji samaki asiye na magamba. Mumi hapana. Kamongo ndiyo usitaje. Wa magamba, kama fwani, ndiye anayekula. Nikaapa mbele ya Akinyi: "Mama atakula fwani, tena fwani mkubwa, na nitamtoa majini mimi mwenyewe."

Akinyi akasema, "Tununue kuku."

Nikasema, "Kuku hajawahi kunikataa."

Sasa, fwani kumnasa si kazi. Kazi iko ukingoni. Ukimwinua kwa mshipi, anajipiga mara moja, mshipi unakatika, unabaki unatazama povu. Lazima uwe na wavu wa kuopolea, wa duara, wenye mpini wa kuaminika. Msimu huu nimepoteza samaki watatu pale pale miguuni pangu, na waliosababisha nawataja.

Wa kwanza ni Mwita wa Kehancha. Nilimwomba mti mwepesi ulionyooka. Akanipa ule wa kutundikia majani ya tumbaku ndani ya banda la moto. "Mzee, huu umekaushwa misimu mitano," akasema. "Haupindi huu!" Kweli haukupinda. Ulivunjika.

Wa pili ni Ochieng', fundi wa kuchomelea vyuma pale Migori. Akachukua rimu ya baiskeli, akachomelea bomba la maji, mimi nikafunga neti ya gunia la vitunguu. "Hii hata kiboko utamwopoa," akasema. Nguvu ilikuwepo, sikatai. Lakini ilinishinda kuinua. Samaki aliutazama ule wavu ukija polepole, akaondoka zake. Mara ya pili bomba liliniponyoka, likazama kama nanga. (Labda kiboko analo.)

Kwa hiyo wavu wa tatu niliutengeneza mwenyewe. Duara nilikunja kwa mti wa powo, ule tunaokatia fimbo, maana unapinda na unarudi. Neti nilifuma kwa uzi wa nailoni, ndefu kama mfuko, ili samaki akiingia ajikunjie huko chini asirudi. Na mpini? Mpini nilizunguka nao wiki nzima. Nikapima mwanzi, ukalia ukipasuka. Nikapima mpini wa jembe, mfupi. Halafu jana nikainua macho darini, nikaliona lile kasia langu. Nusu kasia. Halijaguswa tangu siku ile. Mti uliobeba mtu mzima ziwani usiku kucha utashindwa na samaki?

Nikalishusha. Akinyi akanitazama, akaendelea kufua.

Lakini kasia lile silipotezi. Kwa hiyo nikalifunga kamba. Na hapa ndipo nawaomba msikilize kama watu wa maji. Mtu wa maji hafungi kamba mwilini. Sisi tumewaona waliojifunga. Nikafikiri sana, nikaifunga kwenye vishikizo vya mkanda wa suruali, mkanda wenyewe nikauacha nyumbani. Hesabu yangu ilikuwa hivi: mto ukivuta kwa nguvu, suruali iende, mtu abaki.

Hesabu nzuri kabisa. Kumbukeni hilo.

(Na mnisaidie kumlaumu Akinyi kidogo. Kwa ajili ya ugeni alikuwa amefua kila kitu cha nyumba hii. Kila kitu. Kilichokuwa ndani ya suruali ni mimi peke yangu.)

Saa tatu nikawa mtoni, chini kidogo ya daraja la miti. Mvua ilinyesha jana, maji ni ya rangi ya chai. Nikaweka kumbikumbi kwenye ndoana. Nikangoja. Nikang'atwa na mbu. Nikangoja.

Saa tano hivi, akashika. Yawa! Mshipi ulikata maji mpaka ukalia. Nikamwacha akimbie, nikamrudisha, nikamwacha, nikamrudisha. Alipogeuka ubavu nikaona magamba, kila gamba kama shilingi. Nikasema kwa sauti, "Leo utanijua."

Nikaingia majini mpaka magotini. Wavu mkono wa kulia. Nikauzamisha, sikumkimbilia, nikamleta yeye juu ya wavu kama tulivyofundishwa. Nikainua. Akaingia! Kichwa, mwili, mkia, wote mfukoni. Powo ikapinda, ikarudi. Neti ikashika. Kasia halikulia hata kidogo. Ndugu zangu, huo ndio wavu. Nilipiga kelele kama mtu aliyeoa upya.

Nikasahau kwamba nimesimama juu ya jiwe lenye utelezi.

Nikaenda chini mgongo kwanza. Maji yakafunika uso, na chini ya maji nilisikia ile sauti ya ziwa, ile ile. Nikajiambia, Okeyo leo amenimaliza. Kasia lilishaniponyoka, mto umelichukua na wavu na samaki. Kamba ikakaza. Ikanivuta kuelekea kilindini. Kifungo kikaruka. Suruali ikatoka kwa heshima zote, mguu mmoja, halafu wa pili.

Mtu akabaki. Nikashika mzizi, nikasimama maji ya mapajani, nikatema mto, nikainua mikono yote miwili nikipiga kelele, "Nimepona! Niko hai!"

Nilipofungua macho nikaona daraja.

Juu ya daraja alikuwa mama mkwe. Nyuma yake akina mama watatu wa kanisa lake, vitambaa vyeupe kichwani. Mbele yao shemeji yangu Ouma, kaka yake Akinyi, mtu wa tatu katika orodha yangu na mbaya kuliko wote, ambaye aliwaambia wageni, "Barabara ni mbali, nitawapitisha njia ya mkato."

Nilikaa chini majini kama jiwe.

Halafu wale akina mama watatu wakageuka pamoja, wakanipa migongo, wakaanza wimbo wa kanisa. Wimbo wa kushukuru! Sauti tatu!

Ouma akaegemea kamba ya daraja. "Shemeji," akasema, "unaoga?"

"Ouma, mtoe mama hapo!"

"Mama hayupo hapa."

Nikatazama. Kweli, mama mkwe alishashuka upande wa chini. Kasia langu lilikuwa linaelea kuelekea mawe, linasukwasukwa na samaki, na suruali nyuma yake imejaza maji, miguu yote miwili inapepea kama inakimbia. Mama mkwe akapandisha gauni mpaka kifundo cha mguu, si zaidi. Akaingia. Akanyoosha mwavuli, ule wa mpini uliopinda, akanasa kasia. Halafu akashika mpini kwa mikono miwili, akageuza duara juu, akainua. Mara moja! Fwani yuko ndani, anajipiga, hana pa kutokea.

Wavu ulifanya kazi. Nataka jambo hilo liandikwe. Kwa mikono ya mama mkwe, lakini ulifanya kazi.

Akamweka samaki juu ya majani, akamchunguza kama karani. Hakunitazama. Akasema, sauti kubwa, kwa mtoto wake:

"Ouma. Mwambie mwenye suruali kwamba samaki ana magamba."

"Shemeji, mama anasema samaki ana magamba."

"Nimesikia!"

"Mama, anasema amesikia."

"Mwambie mpini ni mzuri. Wavu ni mzuri. Kamba ndiyo mbaya."

"Shemeji..."

"Ouma, nimesikia!"

Suruali ilichanika kwenye mawe, haikufaa tena. Mmoja wa wale akina mama, bila kugeuka, akafungua leso aliyojifunga juu ya gauni na kuirusha nyuma. Ouma akaniletea, taratibu kabisa, huku anasimama njiani kuisoma. Imeandikwa kwa herufi kubwa: SIRI YANGU MOYONI. Nimetembea nayo kutoka mtoni mpaka nyumbani, nyuma ya wageni wangu, kasia begani, na kila tuliyekutana naye alisalimia kwanza yale maandishi.

Akinyi alimpika fwani kwa nyanya, wali pembeni. Mama mkwe alikula ndani na wenzake, mimi na Ouma tulikula barazani kama desturi. Nikasikia vijiko. Nikasikia wale akina mama wakisema hawakuona kitu. Mmoja alikubali haraka mno. Halafu sauti ya mama mkwe ikatoka dirishani:

"Ouma. Mwambie Baba Atieno mimi niliona samaki peke yake."

Nikashusha pumzi.

"Na umwambie kitu kingine. Nilikuwa nimekosea. Maji hayakumkataa. Maji yanamrudisha. Ziwa lilimrudisha na kasia, mto umemrudisha bila suruali. Hata hivyo amerudi."

Ouma alifungua mdomo anirudishie maneno yale. Nikamwambia anyamaze. Nikajifanya natoa mwiba wa samaki mdomoni.

Atakuja tena wakati wa mavuno, amesema mwenyewe. Kasia sijalirudisha darini, nimelisimamisha nyuma ya mlango.

Basi msicheke. Nawajua, mtacheka. Lakini chekeni kidogo kidogo, na mwiteni Okeyo arudi ndani, mwambieni kasia bado ni zima. Kamba ya wavu nitaifunga mtini siku zote zilizobaki, na leso ya watu nitairudisha mwenyewe, ikishakauka, nikipata suruali ya kwendea.